Siku Mshale Ulipopanda kwa Mama

Alhamisi, mwezi wa tano, 1996. Mvua.

Imenyesha tangu asubuhi, mvua ya hapa kwetu isiyo na radi wala haraka, na nikitazama dirishani ziwa halionekani, ni weupe tu. Nimeomba ruhusa nikatoka kazini mapema. Nimesema kichwa kinaniuma. Huo ni uongo wa pili leo. Wa kwanza nitauandika hapa chini kabla ujasiri haujaniishia.

Kaa hapo, daftari, nikueleze. Wewe angalau hunipigii kelele.

Sijakugusa tangu tulipomzika Mama mwezi wa pili. Nilidhani huzuni ukiiacha peke yake huchoka yenyewe ikaenda zake. Haikuchoka. Leo imepata nguvu mpya, kwa sababu leo nimejua kitu ambacho ningeweza kukijua mwaka jana.

Mashine ilisema Mama ni mzima, na mimi ndiye niliyeifanya iseme hivyo.

Nianze na mashine yenyewe, maana siku moja nitasoma haya nikiwa kizee na nitakuwa nimesahau. Wafula ni mwalimu wa fizikia chuo kikuu. Si daktari wa watu, ingawa kliniki yetu yote ya meno inamwita Daktari na yeye amechoka kukataa. Kwa zaidi ya mwaka sasa huja kila Alhamisi na sanduku lake kwenye buti ya Peugeot, limefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Ndani ya sanduku mna leza. Mwanga wake, ambao macho yetu hayauoni vizuri, hupita katika uzi wa kioo mwembamba kama njiti ya ufagio, na ncha ya uzi huo hugusishwa ndani ya mdomo wa mgonjwa. Nyama ikipigwa na mwanga huo hujibu kwa kung'aa kidogo. Nyama nzima hung'aa vizuri. Nyama yenye kansa hung'aa kwa unyonge. Juu ya sanduku kuna mshale unaopanda au kushuka kulingana na mng'ao, na hilo ndilo tunaloandika. Wafula angeweza kulieleza kwa saa nzima, lakini kwa muuguzi kama mimi hayo yanatosha.

Tunatundika blanketi za wodi dirishani na mlangoni ili chumba kiwe giza. Tunavaa miwani ya njano kulinda macho. Mimi hushika uzi, humtuliza mgonjwa, na huandika kwenye kitabu kikubwa cha Wafula, kwa sababu anasema mwandiko wake mwenyewe unamshinda kuusoma.

Kabla ya taa hii, kidonda chochote kisichopona daktari wa meno alikikata kipande, kikapelekwa Nairobi, na majibu yakaja baada ya wiki nyingi au yasije kabisa. Na watu wetu wanaogopa kukatwa. Wanasema kansa ni kama mbwa aliyelala, ukiigusa na kisu inaamka. Nimeona wazee wakiona trei ya vyuma wakasema wanakwenda haja ndogo, na hatukuwaona tena. Kwa hiyo taa ilikuwa ya kutuchagulia nani akatwe haraka. Tangu mwanzo Wafula alituonya kwamba mshale si hakimu. Lakini foleni ikifika hadi getini, mshale ukapanda, daktari wa meno husema mgonjwa arudi baada ya miezi mitatu, na anayefuata aingie.

Sasa Mama.

Mama alikaa Seme, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kombewa. Kama wanawake wa Kijaluo wa rika lake, aling'olewa meno sita ya chini kimila akiwa msichana, na kidonda kilimtokea hapo hapo penye pengo, kwenye ufizi. Mwanzo alilalamika tu kwamba chumvi inamchoma. Nilimwangalia kwa tochi jikoni kwake. Mimi, muuguzi wa kliniki ya meno kwa miaka kumi na minne, nikamwambia ni mwiba wa samaki.

Nikampa tetra.

Kila mtu hapa anajua tetra, kapsuli ya rangi mbili, nyekundu na njano. Unaifungua, unamwaga unga wake wa njano juu ya kidonda, unakandamiza kwa kidole. Watu wanaweka kwenye majipu, kwenye magoti ya watoto, hata kuku akikatwa mguu na waya anawekewa. Nimewapigia wagonjwa kelele kwa sababu ya unga huo miaka yote hiyo, kwamba dawa ni ya kumeza na si ya kunyunyiza kama pilipili, na kwamba waache kununua dawa sokoni. Kisha nikaenda nyumbani nikamfundisha mama yangu kufanya hivyo hivyo. Mganga hajigangi, na wala mamake haponi.

Tena sikuzinunua sokoni. Nilizitoa kwenye kabati la kliniki, kidogo kidogo, nikizifunga kwenye karatasi. Nilikuwa nikijiambia zinakaribia kuharibika. Hazikuwa zimekaribia kuharibika.

Kidonda hakikupona, na mwezi wa nane nilimleta kliniki. Aliogopa sana kisu. Nilimwahidi kwamba hakuna kisu, ni taa tu, hata haichomi. Alikuja ameoga alfajiri, amevaa gauni la kanisani na viatu ambavyo huwa havitoki chini ya kitanda isipokuwa Pasaka na harusi. Nilijisikia fahari kumwonyesha sanduku, kana kwamba ni mimi niliyeliunda.

Ndani ya lile giza la blanketi, Wafula alimwuliza maswali ya kwenye fomu. Alikuwa mpole kwake. Alimwuliza kwa Kiswahili, na Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha soko la Kombewa.

"Mama, kuna dawa yoyote unaweka kwa hii kidonda?"

Mama alinitazama mimi kwanza.

"Hapana," akasema. "Mimi hapana weka kitu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika *Hapana*.

Tulimpa maji akasukutua, kama tunavyowapa wote, nikashika uzi, nikaugusisha kwenye lile pengo. Mshale ulipanda. Ulipanda kuliko hata kwenye shavu lake lililo zima. Wafula aliguna kwa furaha, daktari wa meno akachungulia, akasema basi ni donda la kawaida, arudi baada ya miezi mitatu. Nilivua miwani nikajifuta macho nikidai ni jasho.

Mama alicheka njia nzima. Aliniambia kwa Kijaluo, "Nyara, binti yangu, leo mmenivua kwa taa kama omena," wale dagaa wetu wanaovuliwa usiku kwa karabai. Tulikwenda kando ya ziwa nikamnunulia samaki, ngege wa kukaanga, akamla mzima kwa upande mmoja wa mdomo, hata kichwa. Hiyo ndiyo siku yangu nzuri ya mwisho pamoja naye, na hata hiyo sasa imeharibika.

Yaliyofuata unayajua, nilikuandikia. Mwezi wa kumi na moja taya lilikuwa limevimba na haikuhitajika mashine. Walimkata kipande, majibu yakaja ni kansa, imekwisha kupita kwenye mfupa. Baada ya Krismasi alikuwa akinywa uji kwa mrija. Mwezi wa pili tukamzika kando ya Baba. Daktari wa meno aliniambia kwamba mwezi wa nane haikuwepo, kwamba hii ilikuwa ya kasi sana, zipo za namna hiyo. Kila mtu alinifariji kwa neno hilo, kasi. Nililinywa kama dawa.

Leo asubuhi ikaja siku ya taa, na kwenye foleni alikuwepo Mama Dorsila.

Ametoka Muhoroni. Mume wake alikata miwa hadi mgongo ukamkatalia, na sasa ni yeye anayelima. Alikuja na mvua yote mwilini, amefunika kichwa kwa mfuko wa sukari. Kidonda chake kiko ndani ya shavu, karibu na ufizi, kingo zimeinuka, kigumu ukikigusa. Mimi si daktari, lakini vidole vyangu vimegusa vingi. Nilijua kabla ya taa.

Wafula akamwuliza swali la dawa. Akasema hapana. Nikaandika hapana. Akasukutua kwa maji. Nikagusa kidonda kwa uzi, na mshale ukapanda.

Ulipanda vile vile, kuliko shavu zima. Wafula alikuwa ameshaanza kusema ni habari njema. Miwani yangu ilikuwa imejaa mvuke kwa sababu ya zile nguo mbichi na watu wengi chumbani, kwa hiyo alipoizima leza niliivua nikaifuta kwenye sare yangu, huku Wafula akiinua pembe ya blanketi tupate hewa. Nikamwona Mama Dorsila bila miwani, kwenye mwanga wa dirisha. Penye kona ya mdomo wake palikuwa na unga wa njano.

Kwa miwani ya njano, gizani, huwezi kuuona. Mwaka mzima hatungeweza kuuona.

Wafula alitoka kwenda kumwita daktari wa meno. Niliinama nikamwuliza mama yule polepole ameweka nini. Alishika leso yake kwa mikono miwili.

"Sista, usinipigie kelele."

Nilimwambia sitapiga.

"Mimi naweka tu ile ya rangi mbili. Leo asubuhi nimeweka mbili. Hii kidonda ananuka, Sista, nikaona nitaaibisha daktari. Mtu hawezi kuja hospitali akiwa ananuka."

"Na mbona umesema hapana?"

"Si nyinyi hukasirika."

Alifungua fundo kwenye pembe ya leso akanionyesha. Zilikuwa zimebaki tatu, nyekundu na njano.

Nikachukua pamba, nikaichovya kwenye maji ya chumvi, nikamfuta kidonda taratibu, mara tatu, mara nne, hadi pamba ikatoka safi. Unga ule ukishalowa mate huganda kama uji uliokaukia sufuriani, maji ya kusukutua hayaugusi. Wafula aliporudi nikamwomba tupime tena. Nikagusa pale pale.

Mshale ulishuka hadi chini kabisa.

Wafula aliutazama, akagonga sanduku kwa kidole. "Sista Awino, hii mashine iko na shida?"

Nikasema, "Hapana, Daktari. Mimi ndio sikumsafisha mzuri mara ya kwanza."

"Sawa. Basi tuandike ya pili, ile ya kwanza tutupe."

Huo ndio uongo wa kwanza wa leo. Ulikuwa na ukweli wa kutosha kunipitisha mlangoni. Mama Dorsila alikatwa kipande saa hiyo hiyo, alilia, nilimshika mkono, na wiki ijayo ataanza safari yake ya matibabu akiwa na nafasi ya kupona. Nilisimama kwenye sinki nikiosha pamba ambazo zilifaa kutupwa tu. Nilikuwa nasikia sauti ya Mama. Mimi hapana weka kitu.

Unga wa tetra ukipigwa na mwanga ule hung'aa. Hung'aa kuliko nyama yoyote iliyo hai. Mshale haujui tofauti, unahesabu mng'ao tu. Asubuhi ile ya mwezi wa nane, Mama alipokwisha kuoga na kuvaa gauni la kanisani, alijaza lile pengo la meno sita kwa unga wangu ili asinuke mbele ya wenzangu. Taa ikamulika unga. Kansa ilikuwa chini yake, imefunikwa.

Hatukumpima Mama. Tulipima tetra.

Naweza kuishia hapo nikalia nikalala, na ningekuwa muuguzi aliyekosea bila kujua. Lakini nilikuahidi kusema.

Nilijua jibu lake si kweli. Kwamba unga unaweza kuidanganya taa, hilo sikulijua, wala Wafula hakulijua. Lakini aliposema hapana na kunitazama, nilijua. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimempelekea karatasi nyingine ya kapsuli, mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Kama angesema ndiyo, swali ambalo lingefuata ni amezitoa wapi, na daktari wa meno alikuwa amesimama nje ya blanketi. Mama alidanganya kulinda kazi yangu. Nami niliandika kulinda kazi hiyo hiyo. Hatukukonyezana hata. Mama na binti yake hawahitaji kukonyezana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa aliyeficha alikuwa mimi, na kifo kikamchukua yeye.

Baada ya mazishi nilipanga vitu vyake. Ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, chini ya sindano na vifungo, nilikuta maganda ya kapsuli yaliyotenganishwa, mengi, mekundu huku na ya njano kule. Hata taya lilipokuwa limevimba aliendelea. Nilidhani ni takataka za uzee, nikayatupa chooni. Alikuwa anaamini dawa ya binti yake.

Nikirudi kwenye leo: Jumatatu Wafula anakwenda Nairobi na kitabu. Anakwenda kuwaonyesha wakubwa kwamba taa inaweza kuwaepusha watu kukatwa ovyo, na anataka kliniki nyingine zipate masanduku yao. Amekuwa akiimba tangu wiki jana. Ni mtu mwema, na ninachojua mimi kitamvunja moyo. Ila kitabu kikienda kilivyo, kutakuwa na akina mama wengine mahali pengine, wameoga, wamevaa vizuri, wameweka rangi mbili.

Na wapo wagonjwa wetu wenyewe. Kitabu nimekileta nyumbani ndani ya koti, mvua isikinyeshee, jambo ambalo pia si ruhusa. Nimekifungua mezani tangu nifike. Napita ukurasa kwa ukurasa penye mshale uliopanda kuliko kawaida, na sura zinanijia. Mzee mmoja wa Dunga anayeshona nyavu, ambaye ulimi wake ulikuwa mgumu upande mmoja nami nikashangaa mshale ulivyopanda. Mwanamke wa duka la nafaka. Mwalimu mstaafu wa huko Maseno. Wote waliambiwa warudi baada ya miezi mitatu, na wawili kati yao hawajarudi. Kwenye mstari wa kila mmoja, chini ya dawa, kuna mwandiko wangu mzuri. Hapana. Hapana. Hapana. Ni wangapi walinitazama kwanza, wakaogopa kelele zangu?

Ninachoogopa nitakisema pia. Naogopa kufukuzwa kazi, maana nina watoto wawili shuleni na sijui kazi nyingine. Lakini ninachoogopa zaidi ni kaka yangu Ochieng'. Matangani alisimama mbele ya watu wote akasema dada yake amekimbia na Mama kila mahali, kwamba kama si Awino Mama angekufa bila kuonwa na daktari. Watu wakaitikia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nimeinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi peke yake.

Nikisema, Ochieng' atajua. Sijui kama atanisamehe. Mama angenisamehe kabla sijamaliza sentensi, angesema nimpikie chai tuache maneno. Ndiyo maana msamaha wake haunisaidii.

Lakini yule mzee wa Dunga yuko hai, kwa kadiri nijuavyo. Juzi kuna mtu alitaja jina lake sokoni.

Bado kuna mwanga wa kutosha kuandika. Nimefungua ukurasa wa mwezi wa nane. Jina la Mama liko mstari wa nne kutoka chini, nililiandika kwa herufi za kujionyesha, kwa sababu alikuwa wangu. Mshale: juu. Dawa: Hapana.

Nimechukua kalamu nyekundu, nimekata neno hilo mstari mmoja, ili Wafula aweze kulisoma chini yake. Juu yake nimeandika: *Ndiyo. Tetra. Alipewa na binti yake, Awino, muuguzi wa kliniki hii.* Halafu sahihi yangu.

Wino umekauka. Kesho saa mbili kamili asubuhi Wafula anapita kliniki kuchukua kitabu, na nitakuwa nimesimama mlangoni nimekifungua ukurasa huo.